Nyumba ya Watu wa Prince

Mkaguzi wa serikali kuu ya Marekani alifika Kisiwa cha Bermond siku ya kumi na tisa baada ya kimbunga, akamkuta Bibi Bina anafagia uwanja.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, kama unataka kuliita kosa. Wako watu hapa kisiwani wanaoliita hivyo mpaka leo.

Na huo uwanja ulikuwa na kipi cha kufagia? Matope ya chumvi, mbao za baraza, kiatu kimoja cha mtu asiyejulikana, na jokofu la jirani lililokuja likielea likatua chini ya mti wa mpekani, limesimama wima kabisa, utadhani limeletwa na gari la duka. Juu ya nyumba, badala ya paa, turubai la buluu lilikuwa linapigapiga na upepo. Lakini uwanja wa Bibi Bina haukuwahi kulala na uchafu tangu azaliwe, naye hakuwa tayari kufundishwa uvivu na kimbunga. Alikuwa ameinama na ufagio wake wa vijiti, miaka sabini na minane mgongoni, kitambaa kichwani, viatu vya mpira vya marehemu mumewe miguuni.

"Habari za asubuhi, mama," mkaguzi akasema. Alikuwa mwanamume mnene, mwekundu kwa jua, kompyuta ya mkononi ameikumbatia kifuani kama Biblia.

"Nzuri. Usikanyage hapo, nimeshafagia."

Akarukia pembeni. Akauliza jina, akaambiwa Albertha Gadson. Jina hilo Bibi Bina hulitumia kwa daktari na kwa serikali tu. Kwetu kila mtoto ana jina la nyumbani, na lile la cheti hukaa likingoja safari za mjini.

Mkaguzi akaingia ndani. Akabonyeza sakafu kwa ncha ya kiatu, sakafu ikabonyea kama mkate. Akatazama juu, akaona buluu. Akapiga picha, akagusa kompyuta yake, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha akauliza swali lake la mwisho.

"Mama Gadson, nyumba hii ni yako?"

"Hapana."

"Mwenyewe ni nani?"

"Prince Capers."

"Naweza kuongea naye?"

Bibi Bina akanyoosha ufagio kuelekea mtoni, kwenye makaburi yaliyo chini ya mialoni, yenye vikombe na saa za marehemu juu yake. "Nenda kajaribu. Yuko pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Akikujibu, nisalimie."

Hakuwa anamfanyia mzaha yule mtu, au tuseme mzaha ulikuwa kidogo tu. Bermond hakuna anayesema "ardhi yangu." Prince alinunua, akazaa, akafa bila kuandika wasia. Watoto wake wakafa bila wasia, na wajukuu vilevile, na hakuna aliyekata hata futi moja akaiita yake. Ni ya wote: waliopo, walioko Savannah na Philadelphia, na wale ambao bado wako matumboni. Unajenga, unalima, unazikwa. Mtoto akisema "yangu" anapata kofi la mdomo. Bina alipata lake akiwa na miaka sita, kwa mkono wa bibi yake Hagar, binti wa Prince mwenyewe, na shavu lile halijasahau.

Mkaguzi aligusa kompyuta mara moja, akaaga, akaondoka akipitia pembeni mwa pale palipofagiliwa. Adabu alikuwa nayo, usimlaumu.

Barua ya serikali kuhusu msaada wa kutengeneza nyumba ilifika baada ya wiki tatu. Bibi Bina hakumpa mtu amsomee. Shule aliiacha darasa la tatu ili amuuguze Hagar, na tangu siku hiyo hakupenda mtu amtangulie kwenye maandishi. Aliingia kiwanda cha kaa, akachambua nyama ya kaa kwa kisu kifupi miaka thelathini na mmoja, akalea watoto wanne, akamzika Moses mumewe, na karatasi zake zote alizisoma mwenyewe, kidole kikitambaa chini ya mstari. Siku hiyo kidole kilifika kwenye neno moja kikasimama. *Hustahili.* Kikaendelea. *Hujathibitisha kuwa wewe ni mmiliki wa makazi haya.* Una siku sitini za kukata rufaa.

Alisoma mara tatu. Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari.

Kesho yake akaja mtu wa kaunti, akapigilia karatasi nyekundu mlangoni. Paa na sakafu zisipotengenezwa ifikapo katikati ya Januari, nyumba itafungwa kwa usalama wa anayeishi humo. Anayeishi humo alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria mkononi.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Siku ukiichomoa hiyo misumari, utaniachia mimi. Mlango huo ni wa msonobari, hauuzwi tena."

Jioni hiyo Evelina akavuka njia. Evelina ni binamu yake, miaka sabini na mitano, nyumba yake inatazamana na ya Bina kama watu wawili waliosusiana. Tangu asubuhi kulikuwa na mafundi juu ya paa lake, nyundo zikilia kwa furaha.

"Nimekuletea wali mwekundu," Evelina akasema. "Una kamba na soseji. Ule ungali moto."

"Weka hapo."

"Basi na mimi nikae wapi? Viti vyote vimelowa."

"Kalale kwako. Si una paa?"

Evelina akacheka, akakaa juu ya ndoo. "Wivu huo, Bina, utakuua kabla ya baridi. Hebu nikuulize. Yule mkaguzi alipouliza nyumba ni ya nani, ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Ebo! Ukweli gani?"

"Kwamba ni ya Prince."

"Ulimwambia mzungu wa watu kwamba nyumba ni ya maiti!" Evelina akapiga paja. "Ndiyo maana alipita kwangu hana rangi. Mimi aliniuliza, nikasema yangu. Neno moja tu, mwenzangu. Yangu. Akagusa kile kidude chake, na sasa unasikia nyundo."

"Hagar angekuwepo angekupiga kofi."

"Hagar angekuwepo angekuwa amelowa. Bina, sikiliza. Wewe sema yangu, wakupe paa, halafu Jumapili utubu."

Bina akala wali. Ulikuwa mzuri, na hilo nalo lilimuudhi.

"Unawakumbuka kina Mungin?" akauliza mwishowe.

Evelina anawakumbuka. Kila mtu hapa anawakumbuka. Mmoja wao, kule mjini, aliandikisha ardhi yote ya ukoo kwa jina lake ili apate mkopo. Hakuwa na nia mbaya. Alipofariki, mwanawe aliyezaliwa mbali aliiuza kwa watu wa gofu kwa saini moja. Leo kwenye njia ya makaburi yao kuna geti, na mlinzi ndani ya kibanda, na kina Mungin wakitaka kumwekea mama yao maua huomba ruhusa na kuandika saa ya kutoka.

"Nikisema yangu," Bina akasema, "karatasi itaandikwa yangu. Mimi sitaiuza. Lakini nitakufa, Evelina. Halafu?"

"Na ukifa kwa kichomi Januari hii?"

"Nitazikwa pale kwa Prince bila kuomba geti."

"Kichwa kama mawe ya barabara," Evelina akasema, akachukua bakuli lake akaenda.

Wiki ya sita tangu barua ifike, Bibi Bina alivaa gauni lake la kanisani akapanda basi la kaunti kuvuka daraja. Serikali kuu ilikuwa imefungua kituo cha msaada kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Meza zimepangwa chini ya nyavu za mpira wa kikapu, na watu wamekaa na namba zao mkononi kama wanangoja nyama buchani. Namba yake iliitwa saa nane. Nyuma ya meza alikuwepo Bwana Haverkamp, mtu wa Nebraska, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, chupa tatu za maji tupu mbele yake.

"Mama Gadson, naona hapa umesema nyumba si yako."

"Nilisema si yangu. Sikusema si yetu."

Akasugua macho. "Kompyuta ina nafasi mbili tu. Mwenye nyumba, au mpangaji."

"Basi kompyuta yenu haijafika Bermond."

"Warithi wako wangapi?"

"Wanaojulikana, sitini na wawili."

"Wakitia saini wote kukuachia wewe..."

"Hawatatia, na mimi sitawaomba." Akaweka mkoba wake mezani, mikono juu yake. "Mwanangu, nikwambie kitu. Kanisa lilinipa maji. Wamethodisti wa mjini walinipa turubai. Hao niliwashukuru, maana walitoa kwa hiari yao na hakuna aliyewalazimisha. Hapa sikuja kushukuru. Wanangu wawili walivaa magwanda ya serikali hii, mmoja akarudi na mguu wa chuma. Wakati ule hakuna aliyeuliza wamezaliwa kwenye nyumba ya nani. Na nilisikia kwenye redio Washington wametangaza kaunti yetu ni eneo la maafa. Walisema kaunti nzima. Hawakusema isipokuwa kwa Bina."

Mtu wa namba iliyofuata akasema "Amina." Bwana Haverkamp hakucheka. Akavuta kiti chake karibu.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Niletee kitu. Huyo Prince aliipataje ardhi? Kuna karatasi yoyote?"

Karatasi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya fremu, ukutani sebuleni, tangu kabla bibi Hagar hajazaliwa. Bibi Bina alirudi nyumbani akaiteremsha, ingawa alishajua. Maji yalikuwa yamepanda mpaka nusu ya ukuta, na karatasi ile ya zamani ilikuwa imegeuka kuwa uji wa kahawia nyuma ya kioo. Wino wote ulikuwa umekimbilia kona moja. Muhuri umebaki doa.

Hakulia. Alitoka nje akachukua ufagio. Alifagia mbele, akafagia upande wa kisima, akafagia chini ya jokofu la watu ambalo bado hawajaja kulichukua. Na mikono ikishika mwendo wake, mdomo nao ukaanza kusema wenyewe, taratibu, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kofi.

*Prince, mtu mweusi, mkuu wa familia...*

Akasimama. Ufagio ukabaki hewani.

Wazee wetu hawakujua kusoma, ndiyo maana hawakuiamini karatasi peke yake. Kila mkesha wa mwaka mpya, kwenye nyumba ya sala, kabla ya nyimbo, watoto wa Prince walisimamishwa mbele wakaisema karatasi ile neno kwa neno, kama wengine wasemavyo zaburi. Ukikosea neno unarudia. Ukikosea tena, wali unausikia harufu tu. Hagar aliisimamia kazi hiyo mpaka alipokufa, na baada yake watu wakaanza kuwa na televisheni. Bina hakuwa ameisema kwa miaka hamsini. Akaisema yote pale uwanjani, mara mbili, na mara ya pili hakujikwaa.

Kesho yake, basi la kwanza lilimkuta ameshasimama njiani, bado giza.

Bwana Haverkamp akatazama fremu, akaguna kwa masikitiko. "Mama, hapa hakuna hata herufi moja."

"Herufi ninazo mimi. Andika."

"Niandike nini?"

"Ninachosema. Na usinikatize, nikikatizwa narudi mwanzo." Akasimama, mikono nyuma, kidevu juu. "*Prince, mtu mweusi, mkuu wa familia, amenunua kwa Serikali ya Marekani, kwa makamishna wake wa kodi, fungu la kumi na saba, sehemu ya tisa, lililokuwa shamba la Bermond, ekari kumi, kutoka mwaloni uliotiwa alama mpaka mdomo wa kijito, liwe lake na la warithi wake daima.*"

Mlinzi wa mlangoni alikuwa amevua kofia.

Bwana Haverkamp alikuwa ameacha kuandika. "Amenunua kwa nani?"

"Kwa nyie."

"Sisi?"

"Baada ya bwana shamba kukimbia vita, serikali yenu ilichukua shamba, ikawauzia watumwa waliolilima. Nyie ndio mliouza. Sasa nyumba imevunjika, mnanitaka mimi niwathibitishie kitu mlichouza kwa mkono wenu." Akakaa. "Na mliandika wenyewe: warithi wake daima. Hamkuandika Albertha. Mimi sikuleta ugeni wowote hapa. Naomba mfuate karatasi yenu."

Yule mtu wa Nebraska aliutazama tena mstari aliouandika. Kisha akachukua simu. Alipitishwa ofisi hii na ile, akaimbiwa muziki wa kungojea, akaandika majina ya watu. Mwishowe akasema karatasi za namna hiyo, kama nakala zilibaki, ziko kwenye nyaraka za serikali. Anaweza kuomba zitafutwe. Inaweza kuchukua muda.

"Siku zangu za rufaa zimebaki kumi na nane," Bibi Bina akasema.

"Najua, mama. Na hata ikipatikana, nitahitaji mtu wa ukoo atie saini kwamba wewe ni mrithi na ndiwe unayeishi na kuitunza nyumba. Mtu mzima, wa jirani."

Wa jirani alikuwa mmoja. Bibi Bina alimwambia Evelina mara moja tu, akiwa amesimama njiani, wala hakuvuka kwenda kwake.

"Wanataka mtu aseme ni yetu."

Evelina akatazama paa lake jipya, vigae vyake vikimeremeta. "Yaani nikasaini kwamba ardhi ni ya wote, huku kwenye fomu yangu nimeandika yangu? Wanifunge jela nikiwa na paa zuri hivi?"

"Sijakuomba."

"Unaomba hivyo hivyo kwa kusimama hapo."

"Nimesimama njiani. Njia nayo ni ya Prince."

Wakatengana hivyo. Wiki mbili wakawa wanafagia viwanja vyao kila mmoja kwa upande wake, migongo ikitazamana. Usiku ukawa wa baridi. Bibi Bina akahamisha kitanda jikoni karibu na jiko, akawa analala na koti la Moses. Karatasi nyekundu mlangoni hakuigusa, lakini kila asubuhi aliisoma, kidole chini ya mstari, ili asije akaizoea.

Siku ya mwisho ya rufaa alikwenda kituoni hana kitu mkononi. Viti vilikuwa vichache, meza nyingi zimeshakunjwa. Bwana Haverkamp alimwona tangu mlangoni, akainuka. Mkononi alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Imekuja asubuhi hii," akasema. "Mama, nimeisoma nikiwa nimesimama."

Bibi Bina akaweka kidole. Maandishi yalikuwa ya mkono, ya kujipindapinda, akaenda nayo polepole. *Prince. Mtu mweusi. Mkuu wa familia.* Fungu lilikuwa la kumi na saba. Mwaloni ulikuwepo, na mdomo wa kijito ulikuwepo. Alipofika kwenye *warithi wake daima*, akakikunja kidole ndani ya ngumi.

"Nimekosea neno?" akauliza.

"Hata moja."

"Hagar angelitafuta hilo kosa."

"Sasa imebaki ile saini ya jamaa," Bwana Haverkamp akasema, akaangalia saa ya ukutani. "Tunafunga saa kumi."

Bibi Bina akakaa. Saa tisa na nusu mlango ukafunguliwa, ikaingia kofia. Ilikuwa kofia ya zambarau yenye manyoya mawili, ile ambayo Evelina huvaa Pasaka na kwenye mazishi ya watu asiowapenda.

"Usinitazame hivyo," Evelina akamwambia Bina. "Nimekuja kwa sababu zile kelele zako za kukohoa zinavuka njia, nashindwa kulala chini ya paa langu."

"La nani?"

"Letu! Letu, mwanamke we, umefurahi?" Akamgeukia Bwana Haverkamp. "Baba, nipe kalamu. Huyu ni Albertha, mjukuu wa Hagar binti Prince, na anaishi pale, na anatusumbua sote. Na ukishamaliza na yeye nina fomu yangu mwenyewe, kuna neno moja niliandika kwa haraka."

"Neno gani?"

"Yangu."

Bwana Haverkamp akatazama saa, akatazama kofia. "Hilo sikulisikia vizuri," akasema. "Lakini fomu za kusahihisha ziko kwenye sanduku lile, na kalamu ni hii."

Mkaguzi wa pili alikuja wiki moja baada ya Krismasi. Alikuwa mwanamke, mweusi kama sisi, mtu wa Alabama, na alipofika uwanjani alisimama ukingoni akangoja aambiwe apite wapi. Bibi Bina akaona huyu amelelewa.

"Nyumba hii ni yako, mama?"

"Ni yetu."

Yule mwanamke akatazama kompyuta yake. "Hapa imeandikwa *mmoja wa wamiliki*. Ni wewe?"

"Ni mimi. Wengine ukiwataka wako Philadelphia, Savannah, na pale kwenye mialoni."

"Huyu mmoja ananitosha," mkaguzi akasema, akabonyeza.

Paa liliwekwa kabla ya katikati ya Januari, na sakafu ya msonobari mpya ikafuata. Mtu wa kaunti akaja kuchomoa karatasi yake nyekundu, naye Bibi Bina akasimama nyuma yake na kopo, akahesabu misumari ikiingia mmoja mmoja.

Lakini baraza hawakulipa. Barua ilisema baraza si sehemu ya lazima ya makazi. Bibi Bina aliisoma akiwa amekaa jikoni, nyundo za mwisho zikigonga juu ya kichwa chake. Barazani ndipo Hagar alipomfundisha kusuka kikapu. Barazani ndipo Moses alipomchumbia, na ndipo alipokaa akingoja wanawe warudi vitani. Mtu anayefikiri baraza si la lazima hajawahi kuishi hapa.

Akasoma chini. Siku sitini za kukata rufaa.

Akasogeza kopo la sukari, akatoa karatasi safi, akailowesha penseli kwa ulimi. Evelina, aliyekuwa amekuja kukagua paa, akachungulia begani kwake.

"Nikuandikie? Mwandiko wangu unasomeka."

"Thubutu."

Akainamia karatasi, akaanza, herufi moja moja, kubwa, zilizosimama wima. *Kwa Serikali Kuu, Washington. Kuhusu baraza letu.*